WALIORUKA WASIRUDI
Somo juu ya kuwakumbuka wasio na kaburi

Somo hili ni la kusomwa nyumbani, kisha kujadiliwa katika vikundi. Kabla ya kuanza, someni mafungu haya: Mwanzo 37:31-35, Kumbukumbu la Torati 34:5-8, 2 Samweli 21:10-14, 2 Wafalme 2:15-18.



Mwaka jana, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, tulisoma majina ya ndugu zetu waliolala. Ibada ilipokwisha watu walitoka kwenda makaburini na majembe na mafagio, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilibaki nyuma kukusanya vitabu. Ndipo nikamwona Koko mmoja ameketi peke yake katika benchi la mwisho, fimbo yake magotini. Nilimwamkia, "Takwenya," akaitika, "Iko." Nikamwuliza kama anahitaji mtu wa kumsindikiza makaburini.

Akanijibu, "Mwalimu, nyinyi mna mahali pa kwenda. Kaka yangu alikwenda vita ya Idi Amini, hakurudi. Hatukuletewa mwili, wala hatukuonyeshwa kaburi. Mtu kama huyo mnamsomea wapi?"

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka zaidi ya thelathini, na nimezoea maswali ya watoto ambayo majibu yake yamo kitabuni. Swali la Koko halikuwa na jibu la namna hiyo. Nilimwambia, "Koko, nipe muda nifikiri." Somo hili limetokana na kufikiri huko. Nimetafuta mfano wa watu ambao jambo hili liliwapata kwa wingi, nao ni askari wa ndege za vita. Anayekufa nchi kavu huenda akazikwa na wenzake. Anayeanguka na ndege baharini au katika msitu mkubwa, mara nyingi hakuna ajuaye hata mahali alipoangukia. Tukijifunza namna watu walivyowakumbuka hao, tutapata la kumjibu Koko.

1. KABURI LILILO KATIKA WILAYA YETU

Tuanze na jambo tunalolijua. Kila apitaye kwa gari ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro huona mnara mdogo wa mawe kando ya njia. Hapo amezikwa Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Bernhard. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa akirusha ndege yao ndogo, iliyopakwa milia kama punda milia, ikagongana na tumbusi, ikaanguka. Alikufa papo hapo. Baba yake alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakawekwa karibu na mwanawe.

Huyu hakuwa askari, wala wakati ule haukuwa wa vita. Nimemtaja kwa sababu moja tu. Baba yule alikuwa na uchungu mkubwa, lakini alikuwa na mahali pa kuupeleka. Aliujua mwaka, siku, mahali, na sababu ya kifo cha mwanawe. Aliweza kusimama juu ya ardhi na kusema, "Yuko hapa." Wengi husahau ya kuwa hata hiyo ni baraka.

2. WAWILI WALIOPOTEA RUFIJI

Sasa twende pwani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilijificha katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza walileta ndege za kuitafuta, nazo zilikuwa miongoni mwa ndege za kwanza kuonekana katika nchi yetu. Manowari ile iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, lakini vita viliendelea, na ndege ziliendelea kuruka juu ya mikoko ile.

Mwanzoni mwa Januari 1917 waliruka maofisa wawili wa Kiingereza, Edwin Rowland Moon aliyekuwa rubani, na Richard Bridgeman aliyekuwa mpelelezi wake. Ndege yao ilikuwa ya aina inayotua majini. Injini ikaharibika, wakalazimika kutua katika mkono mmoja wa mto, mbali na wenzao. Waliiharibu ndege yao ili isitekwe, kisha wakaanza kutangatanga katika matope na mikoko, bila chakula, wakivuka mito kwa kuogelea. Mwishowe walijitengenezea chelezo. Maji yakawachukua hadi baharini. Bridgeman akafa kwa uchovu na mateso ya bahari, ingawa mwenzake alijitahidi sana kumwokoa. Moon alitupwa pwani, akatekwa na Wajerumani, akakaa kifungoni hadi baadaye mwaka ule.

Jiulizeni, habari hizi tumezipataje? Tumezipata kwa kuwa mmoja alipona. Kama Moon naye angalizama, wenzao melini wangaliandika maneno machache tu katika daftari, kwamba ndege fulani iliondoka saa fulani na haikurudi. Jamaa zao wasingalijua habari za matope, wala chelezo, wala juhudi ya rafiki kwa rafiki. Wangaliachiwa kuwaza tu, na mawazo ya mtu aliyefiwa hayana mwisho: Je, aliungua? Je, alikuwa peke yake? Je, huenda yuko hai mahali fulani?

Basi somo la kwanza ni hili. Mtu asiyepatikana huwaachia jamaa zake mizigo miwili. Mmoja ni msiba wenyewe. Wa pili ni kutokujua. Na huu wa pili ndio usiotulia.

3. BAHARI YA HINDI, 1942 HADI 1945

Katika Vita Kuu ya Pili mambo yaliongezeka. Nyambizi za Wajerumani na za Wajapani ziliwinda meli katika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo Jeshi la Anga la Uingereza liliweka vikosi vya ndege kubwa zinazotua majini, ziitwazo Catalina, huko Kipevu, Mombasa. Mwezi Septemba 1943 kikosi kimojawapo, namba 259, kilihamia Dar es Salaam. Ndege hizo zilikuwa na injini mbili na watu wapatao wanane au tisa, nazo ziliweza kukaa angani mchana kutwa na usiku zikichunguza bahari. Tarehe 20 Agosti 1943 ndege za namna hii, mojawapo ya kikosi hicho cha 259, zilishiriki kuizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska.

Fikirini kazi ile. Saa nyingi hakuna kitu mbele ya macho ila maji. Mara nyingi redio hunyamazishwa, ili adui asisikie. Ikiwa injini itazima, au dhoruba itawakuta, au adui atawapiga, waliobaki nyumbani hawataona moshi wala kusikia kishindo. Watangoja hadi ile saa ambayo mafuta ya ndege ni lazima yawe yamekwisha. Saa hiyo ikipita, afisa huandika kwamba ndege haikurudi. Kisha simu hupelekwa kwa mama au mke aliye mbali, kumwambia kwamba mtu wake hajulikani alipo.

Wako pia waliotoka kwetu kwenda kuruka kwingine. Mwandishi Roald Dahl alikuwa kijana akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam vita vilipoanza. Mwezi Novemba 1939 alikwenda Nairobi kujifunza urubani. Alianguka na ndege jangwani mwaka 1940, akaumia vibaya lakini akapona. Katika kitabu chake kiitwacho Going Solo, kilichotolewa mwaka 1986, anaeleza ya kwamba walianza vijana 16 pale Nairobi, na katika muda wa miaka miwili 13 kati yao waliuawa wakiwa angani. Darasa langu la kwanza, nilipotoka chuo cha ualimu, lilikuwa na watoto 41. Nikiwaza hesabu hiyo ya Nairobi, naona madawati matupu.

Wala tusisahau ya kwamba bahari ile ile ilimeza Waafrika wengi wasio marubani. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama katika muda wa dakika zisizozidi tatu. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi wa kike. Bahari ndiyo kaburi lao.

4. NAMNA WALIVYOTAFUTWA

Je, baada ya vita watu waliachwa hivi hivi? La. Jeshi la Anga la Uingereza liliunda idara maalum ya kutafuta askari wake waliopotea. Watu wapatao 42,000 walikuwa hawajulikani walipo. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 1949, maofisa walizunguka vijijini, hasa huko Ulaya, wakiuliza wakulima, wachimba makaburi, makasisi na watoto: "Je, mliona ndege ikianguka? Lini? Ilikuwaje? Nani aliwazika?"

Walitumia alama ndogo ndogo. Namba iliyopigwa kwenye injini au kwenye bunduki ya ndege iliweza kueleza ni ndege ipi, na daftari likaeleza nani walikuwamo. Alama ya dobi katika shati, pete kidoleni, ukubwa wa kiatu, vyote vilisaidia kumtenga mtu mmoja na mwenzake. Kwa njia hiyo zaidi ya nusu ya waliopotea walipatiwa makaburi yanayojulikana. Siku hizi wataalamu huchunguza pia vinasaba vilivyomo katika mfupa na kuvilinganisha na vya jamaa walio hai. Hata hivyo Serikali ya Marekani inahesabu watu wake wapatao 81,000 ambao bado hawajapatikana tangu Vita Kuu ya Pili na vita vilivyofuata. Zaidi ya 41,000 kati yao wanadhaniwa kuwa walipotelea baharini.

Walimu wenzangu wataona hapa kwamba chombo kilicholeta mafanikio kwanza kilikuwa ni kuuliza watu. Mzee aliyeona akiwa mtoto ndiye aliyekuwa kitabu. Tena kitabu hicho kikifa kabla ya kusomwa, hakuna nakala ya pili.

5. JINA MAHALI PA MWILI

Kwa wale ambao hawakupatikana kabisa, lilibaki jambo moja, yaani jina. Huko Runnymede, Uingereza, uko mnara uliofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Oktoba 1953. Umeandikwa majina zaidi ya 20,000 ya askari wa anga wasio na kaburi linalojulikana.

Na hao waliopotea katika pande zetu? Majina yao yako Misri. Katika makaburi ya vita ya El Alamein umejengwa mnara, na kuta zake zina majina zaidi ya 3,000 ya askari wa anga waliopotea katika Misri, Libya, Sudani, Ethiopia, nchi za Wasomali, Madagaska, na Afrika ya Mashariki yetu hii. Kwa hiyo rubani aliyetoweka katika bahari ya Mombasa au Dar es Salaam anakumbukwa jangwani, mbali sana na maji yaliyomchukua. Lakini yupo ukutani. Mjukuu wake aweza kwenda, akaweka kidole juu ya herufi.

Askari wa nchi kavu wa Afrika ya Mashariki wasio na kaburi, pamoja na wale wa meli ya Khedive Ismail, wana mnara wao Nairobi, ndani ya makaburi ya vita yaliyo katika barabara ya Ngong.

Ndugu zangu, hapa ni lazima tuseme na jambo chungu. Si wote waliopewa heshima hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wa nchi zetu walibeba mizigo ya majeshi hata wakafa kwa maelfu mengi, kwa njaa, kuhara na malaria. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam latokana na kikosi chao. Mji huo huo una sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, yenye maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Ni sanamu nzuri, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Mwezi Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake yenyewe, ikakiri. Ilisema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika na Asia, hawakukumbukwa kwa usawa na wengine. Tena wengine wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kwa namna yoyote.

Rubani mmoja aliyepotea aliandikwa, na mpagazi aliyebeba mapipa ya mafuta kichwani hakuandikwa. Simwonei rubani wivu, maana mama yake alilia kama mama wa mpagazi. Nataka tu tuone kwamba kukumbuka hakuji kwenyewe. Mtu hukumbukwa kwa sababu mtu mwingine alikaa chini na kalamu.

6. MAANDIKO YANASEMAJE?

Wengine hudhani ya kuwa mtu asiyezikwa amekosa baraka. Maandiko hayasemi hivyo. Musa mwenyewe hana kaburi linalojulikana. Kumbukumbu la Torati 34 yatueleza kwamba alikufa katika nchi ya Moabu, wala hakuna mtu ajuaye mahali alipozikwa. Hata hivyo Waisraeli walimwomboleza siku thelathini. Hawakusema, "Tungoje kwanza tuone kaburi." Waliomboleza, kisha wakaondoka kuvuka Yordani.

Eliya alipochukuliwa juu, wana wa manabii walituma watu hamsini wenye nguvu kumtafuta. Walitafuta siku tatu, wasimwone. Elisha alikuwa amewakataza, lakini walipozidi kumsihi aliwaruhusu. Mimi naona huruma katika ruhusa ile. Watu waliopotelewa wanahitaji kutafuta, hata kama mwenye hekima anajua kwamba hawatapata. Tusiwacheke.

Yakobo aliletewa kanzu yenye damu, akaamini ya kwamba Yusufu ameraruliwa na mnyama. Alikataa kufarijiwa. Sisi wasomaji twajua kwamba Yusufu alikuwa hai Misri, lakini Yakobo hakujua. Kwa miaka mingi alikuwa na kanzu tu. Fungu hili lanifundisha nisimwambie aliyepotelewa, "Bila shaka amekufa," wala nisimwambie, "Bila shaka yu hai." Sijui. Nikae naye.

Na Rispa, je? Wanawe waliuawa na miili ikaachwa mlimani. Alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mavuno hata mvua zikanyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Habari ilipomfikia Daudi, aliondoka akaichukua mifupa ya Sauli na Yonathani iliyokuwa Yabesh-Gileadi, ikazikwa katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Mama mmoja aliyekataa kuondoka alimfanya mfalme akumbuke wajibu wake.

Mwisho, Ufunuo 20:13 yatufundisha ya kwamba bahari nayo itawatoa wafu wake. Hakuna mahali palipo nje ya mkono wa Mungu. Kaburi ni msaada kwetu sisi tulio hai. Yeye hahitaji alama ili amwone mtu wake.

7. NA KWETU ENGUSEROSAMBU?

Sasa nirudi kwa Koko. Mimi si mzaliwa wa hapa, nilikuja kama mwalimu, kwa hiyo naandika kwa heshima, na wazee watanisahihisha nikikosea.

Zamani, kama wazee walivyonieleza, Wamaasai hawakuzika watu wote. Mzee mkubwa au oloiboni alizikwa, mawe yakarundikwa juu yake, na kila apitaye akaongeza jiwe. Wengine walirudi katika nyika bila alama. Tena jina la marehemu halikutajwa ovyo, hasa aliyekufa kijana. Ukoo uliweza hata kubadili neno lililofanana na jina lile. Mgeni aweza kudhani kwamba huko ni kusahau. Sivyo. Mtu hafanyi kazi kubwa namna hiyo ya kulikwepa jina alilolisahau.

Basi nilimwendea Koko bomani kwake, pamoja na kasisi wetu. Nilimweleza habari za ukuta ule wa Misri wenye majina ya waliopotea. Nikamwambia, "Koko, tunaweza kuandika jina la kaka yako katika kitabu cha kumbukumbu cha parishi, kisha lisomwe pamoja na mengine."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, tangu alipoondoka sijalitamka. Mama yetu alikufa bila kulitamka. Mkilisoma kwa sauti mbele ya watu wote, mtakuwa mmemzika nyinyi."

Naungama kwamba nilikuwa nimekwenda na jibu tayari mfukoni, nalo halikufaa. Kasisi ndiye aliyeuliza, "Basi, Koko, wewe wataka nini?"

Akajibu, "Liandikeni. Msilisome."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mjukuu wake alitunong'onezea jina, mimi nikaliandika, pamoja na mwaka alioondoka na jina la baba yake. Mwaka huu, kasisi alipofika mahali pale katika orodha alinyamaza kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha akaendelea. Wengi hawakujua kwa nini. Koko alijua. Baada ya ibada alitoka nje pamoja na wengine, akaokota jiwe, akaliweka chini ya mti ulio karibu na kanisa. Kabla ya jua kutua mawe yalikuwa saba. Wale sita wengine sikuwaona, wala sikuuliza. Ila nimejua kwamba Koko hakuwa peke yake.

8. LA KUFANYA

Napendekeza mambo manne kwa parishi yetu na kwa mitaa ya jirani.

Kwanza, vijana wa Kipaimara waende kwa wazee wawaulize: Nani aliondoka asirudi? Si vitani tu. Wako waliokwenda migodini, waliokwenda mijini kulinda, waliovuka mpaka wakati wa ukame wasionekane tena. Waandike jina, ukoo, rika, mwaka, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kumbukeni wale maofisa waliozunguka vijijini. Ulizeni wakati wazee wangali hai.

Pili, familia iulizwe kabla ya jina kusomwa. Heshima isiyoombwa ruhusa yaweza kuwa jeraha jipya.

Tatu, mtu asiharakishe wengine wakubali kifo, wala asiwauzie matumaini. Wako wanaopita wakidai fedha ili "waonyeshe" alipo aliyepotea. Tuwakinge Makoko zetu na hao. Mahali penye jambo la ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kumhesabu mume au mke kuwa amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka mitano, ijapokuwa dhana hiyo yaweza kutenguliwa akionekana. Aliye katika shida ya namna hiyo aende mahakamani apewe shauri la kweli.

Nne, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa linapowakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi, nasi tuwaombee pia wale ambao hawakuletwa nyumbani. Makaburi ya askari wetu wa vita ya Kagera yako Kaboya, wilaya ya Muleba. Anayeweza kusafiri akaone, aende. Asiyeweza, mti uko pale karibu na kanisa, na mawe hayapungui.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika boma lenu yuko mtu aliyeondoka asirudi? Mnamzungumziaje, au mnamnyamaziaje?

2. Kuna tofauti gani kati ya msiba wa Daudi aliyeipata mifupa ya Yonathani, na msiba wa Yakobo aliyepata kanzu tu?

3. Elisha aliwaruhusu watu kutafuta ingawa alijua hawatapata. Je, alikosea?

4. Kwa nini rubani aliandikwa jina na mpagazi hakuandikwa? Je, katika kanisa letu wako watu tusiowaandika?

5. Desturi ya kutolitaja jina la marehemu, na desturi ya kulisoma kanisani, zaweza kukaa pamoja? Elezeni kwa mifano.

Viongozi wa vikundi wanaombwa wasiwalazimishe watu kujibu swali la kwanza kwa sauti. Majina yatakayopatikana yaletwe kwa katekista, au kwangu mwenyewe, kabla ya Novemba. Kitabu kipo, na kurasa nyingi bado ni tupu.